Mikopo kumi na mbili ya mzee mmoja

Kwenye simu yangu hakuna swali la hifadhidata linalorudi mara nyingi kama hili: "Kaka, nina majedwali matatu, nataka idadi ya rekodi za kila moja, ila kwa kwiri moja. Naandikaje?" Kwiri ni amri ya kuiuliza hifadhidata. Muulizaji huwa ni kijana wa TEHAMA kwenye SACCOS, shule au zahanati. Yeye ndiye fundi wa printa, yeye ndiye wa mtandao, na bodi ikitaka ripoti macho yote yanamgeukia yeye. Simjibu mara moja. Namuuliza kwanza hizo idadi anataka kuzifanyia nini, na wengi wanaona nawazungusha.

Siwazungushi. Ndani ya swali hilo mna maswali matatu yasiyo na undugu wa karibu, na kila moja lina kwiri yake. Anayetaka kujua hifadhidata yake imejaa kiasi gani anauliza jambo moja. Anayetaka kujua watu wa matawi mawili wakiunganishwa ni wangapi anauliza jingine. Na anayetaka kila mwanachama akae kwenye mstari wake, pembeni idadi ya amana zake na idadi ya mikopo yake, huyo ndiye wa kuhurumiwa, maana kwiri inayomjia kichwani kwanza inakubali kukimbia, haitoi kosa lolote, na inamdanganya mchana kweupe.

Nitashika mfano wa SACCOS hadi mwisho. Ndiko ninakofanyia kazi zaidi, na msomaji wangu wa Tanzania au Kenya, kama si mwanachama mwenyewe, basi ana shangazi aliye mwanachama. Majedwali ni manne: wanachama, akiba, mikopo na marejesho. Mtu anaweka akiba mara nyingi, anakopa mara chache, na kila mkopo una marejesho yake.

Kwiri ambayo mgeni wa SQL, lugha ya kuandikia kwiri, huijaribu kwanza ni hii:

SELECT COUNT(*) FROM wanachama, akiba, mikopo;

Anatarajia namba tatu, au walau jumla ya zote. Anachopata ni zao la kuzidisha. Mkato kati ya majedwali kwenye FROM unaiambia hifadhidata ichukue kila mstari wa jedwali la kwanza, iuambatanishe na kila mstari wa la pili, kisha kila jozi iambatanishwe na kila mstari wa la tatu. Tuseme chama kina wanachama 320, miamala ya akiba 4,100 na mikopo 150. Rekodi zote kwa jumla ni 4,570. Kwiri ile italeta 196,800,000, na kwenye kompyuta ya ofisini iliyochoka unaweza ukatoka kunywa chai ukarudi bado haijamaliza. Kosa hili halinitii wasiwasi. Namba yake ni kichekesho, hakuna atakayethubutu kuipeleka kikaoni.

Kama shida ni kujua idadi ya kila jedwali tu, majedwali hayana sababu ya kukutana. Kila moja lihesabiwe kwake, kisha namba ziwekwe ubavu kwa ubavu:

SELECT
  (SELECT COUNT(*) FROM wanachama) AS wanachama,
  (SELECT COUNT(*) FROM akiba) AS akiba,
  (SELECT COUNT(*) FROM mikopo) AS mikopo;

Unapata mstari mmoja wenye safu tatu. MySQL, PostgreSQL na SQLite zote zinaikubali ilivyo. Oracle ya zamani itadai uongeze FROM dual mwishoni. Ukipenda namba zishuke chini kama orodha, ambayo ni rahisi zaidi kuibandika kwenye Excel, ziweke moja juu ya nyingine:

SELECT 'wanachama' AS jedwali, COUNT(*) AS idadi FROM wanachama
UNION ALL
SELECT 'akiba', COUNT(*) FROM akiba
UNION ALL
SELECT 'mikopo', COUNT(*) FROM mikopo;

Neno ALL hapo lina kazi nzito. UNION peke yake hufuta mistari inayofanana. Kwa kuwa kila mstari hapa una jina la jedwali lake, hutaona tofauti. Lakini kuna watu wanaoacha majina, wanaunganisha namba tupu, kisha wanajumlisha kwa SUM. Siku ambayo tawi moja lina wanachama 214 na tawi jingine nalo lina 214, UNION inaona namba mbili zinazofanana, inabakisha moja, na jumla inatoka 214 badala ya 428. Mfumo wa namna hiyo unaweza kufanya kazi vizuri miaka mingi mpaka matawi mawili yalingane kwa bahati. Halafu mwanachama mmoja anajiunga, hesabu inarudi kuwa sawa, na fundi aliyekuwa anatafuta kosa anabaki anajiuliza kama aliota.

Tabia hii ya UNION ina historia yake. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali. Kwake yeye jedwali ni seti ya kihisabati, na seti haina kitu kilichojirudia. Miaka minne baadaye, katika kampuni hiyohiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitoa lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye ikawa SQL. Lugha hiyo iliruhusu mistari pacha ndani ya jedwali, jambo ambalo Codd hakulipenda na alilikosoa waziwazi. Kwa hiyo tumerithi lugha yenye nusu mbili: UNION inafikiri kwa seti, SELECT ya kawaida haifikiri hivyo. Mimi naona Codd alikuwa na hoja, ila mhasibu mwenye amana mbili za shilingi 50,000 kwa siku moja asingemwelewa kirahisi.

Kuna mahali UNION bila ALL ndiyo hasa inayotakiwa. Chama kina matawi mawili, kila tawi lilianza na hifadhidata yake, na sasa mwenyekiti anataka kujua kina watu wangapi. Mtu aliyejiandikisha matawi yote mawili ni mtu mmoja. Kwa hiyo:

SELECT COUNT(*) FROM (
  SELECT nida FROM wanachama_mjini
  UNION
  SELECT nida FROM wanachama_soko
) AS watu;

Kwenye karatasi imekamilika. Kwenye data halisi ina mitego miwili, na yote nimeikuta ofisini kwa watu. Wa kwanza: namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho imeandikwa kwa vistari. Karani wa tawi moja aliingiza vistari, wa tawi jingine hakuingiza. Kwa kompyuta hao ni watu wawili. Dawa ni kuandika REPLACE(nida, '-', '') pande zote mbili kabla ya kuunganisha, na kuweka TRIM kwa ajili ya nafasi zilizojificha mwishoni. Namba za simu zina ugonjwa uleule, kati ya anayeanza na 0 na anayeanza na +255.

Mtego wa pili ni mbaya kuliko huo. Vyama vingi vina wanachama wa siku nyingi walioandikishwa kabla ya namba hizo kuwapo, kwa hiyo safu ya nida kwao ni NULL, yaani haina thamani yoyote. UNION inazichukulia NULL zote kama kitu kimoja. Wazee 60 wasio na namba wanageuka mtu mmoja. Ukisema basi nitumie COUNT(DISTINCT nida), hapo NULL hazihesabiwi kabisa, na wazee 60 wanakuwa sifuri. Namba mbili tofauti, zote za uongo, na ukiziweka pamoja zinapishana kwa mmoja tu, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani amekosea kuhesabu kidogo. Wasio na kitambulisho wahesabiwe kando, na ripoti iseme hivyo kwa maandishi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike haya.

Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilinunua mfumo kwa fundi wa mjini. Mfumo ulikuwa na ripoti nzuri ya kuvutia macho: jina la mwanachama, idadi ya amana, idadi ya mikopo aliyowahi kuchukua. Ripoti ikachapishwa, ikagawiwa kwenye mkutano mkuu. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akavaa miwani, akasoma mstari wake, akasimama. "Kijana wangu," akamwambia fundi mbele ya watu wote, "mikopo kumi na mbili nimekopa lini? Mimi nimekopa mara tatu maishani, na mke wangu ndiye shahidi, maana alisaini zote." Ukumbi ukacheka, mkewe akiwa wa kwanza. Kisha watu wakaanza kusoma mistari yao, na kicheko kikaisha.

Waliniita niangalie. Kwiri ilikuwa hii, na nakuhakikishia hata mtu mwenye uzoefu anaweza kuipitisha akiisoma haraka:

SELECT w.id, w.jina,
       COUNT(a.id) AS amana,
       COUNT(m.id) AS mikopo
FROM wanachama w
LEFT JOIN akiba a ON a.mwanachama_id = w.id
LEFT JOIN mikopo m ON m.mwanachama_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina;

Mfumo ulikuwa mpya, kwa hiyo mzee alikuwa na amana nne tu ndani yake, pamoja na mikopo mitatu iliyohamishwa kutoka kwenye daftari. JOIN huambatanisha mistari ya majedwali mawili inayolingana. Ya kwanza inampa mistari minne. JOIN ya pili inachukua kila mmoja wa mistari hiyo na kuuambatanisha na kila mkopo wake, maana amana na mikopo havina uhusiano wowote wa moja kwa moja. Kinachoviunganisha ni mwanachama mwenyewe tu. Nne mara tatu, kumi na mbili. Ripoti ikamwandikia amana kumi na mbili na mikopo kumi na mbili. Mwenye mashati manne na suruali tatu anaweza kuvaa kwa namna kumi na mbili, lakini sandukuni ana vipande saba.

Kinachofanya kosa hili liishi muda mrefu ni kwamba haliwagusi wote sawa. Mwanachama asiye na mkopo hata mmoja anatoka sahihi: amana nne, mikopo sifuri. Mwenye amana moja na mkopo mmoja anatoka sahihi pia, na kwa bahati mbaya ndiye anayetumika kujaribia, kwa sababu fundi akiunda data ya majaribio huweka kimoja kimoja. Mwenye amana nne na mkopo mmoja anapata nusu ya ukweli: amana zake ni nne kweli, ila mikopo nayo imekuwa minne. Anayeharibikiwa pande zote ni yule anayeweka sana na kukopa sana. Yaani mwanachama bora wa chama, ambaye bodi inamtazama kwanza.

Fundi alipoelezwa, aliniambia dawa anaijua, akaongeza DISTINCT, inayohesabu kila thamani mara moja tu:

COUNT(DISTINCT a.id) AS amana, COUNT(DISTINCT m.id) AS mikopo

Na kweli namba zikarudi nne na tatu. Kiraka hiki kimeenea mno, na kwa idadi tupu kinafanya kazi. Lakini bado hifadhidata inatengeneza mistari kumi na miwili ili ije ichuje, na mwanachama mwenye amana 200, mikopo 5 na marejesho 60 yaliyounganishwa kwa mwanachama atazalisha mistari 60,000 peke yake. Hilo la kasi naweza kulivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni hatua inayofuata, kwa sababu bodi haikai na idadi tu. Kesho itasema tuongezee na kiasi. Fundi ataandika SUM(a.kiasi), ataona fedha imezidishwa mara tatu, atakumbuka dawa yake ya jana, na ataandika SUM(DISTINCT a.kiasi).

Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea kwenye karatasi. SACCOS nyingi zina kiwango cha kuweka kila mwezi. Mwanachama mwaminifu anaweka 50,000 kila mwezi, mwaka mzima, 600,000. SUM(DISTINCT) inazikuta 50,000 kumi na mbili zinazofanana, inabakisha moja, inamwandikia 50,000. Aliyeweka ovyoovyo, mwezi huu 30,000, ujao 45,000, anaonekana tajiri kuliko yeye. DISTINCT inachuja thamani, haijui kwamba kila 50,000 ilitoka mfukoni siku yake.

Ninachokifanya mimi, na ninachowashauri wote wanaoniuliza, ni kuhesabu kabla ya kuunganisha. Kila jedwali la watoto, yaani linalomtegemea mwanachama kama akiba au mikopo, likunjwe kwanza mpaka libaki na mstari mmoja kwa kila mwanachama, ndipo lipelekwe kwa wanachama:

WITH a AS (
  SELECT mwanachama_id, COUNT(*) AS idadi, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM akiba GROUP BY mwanachama_id
),
m AS (
  SELECT mwanachama_id, COUNT(*) AS idadi
  FROM mikopo GROUP BY mwanachama_id
)
SELECT w.id, w.jina,
       COALESCE(a.idadi, 0) AS amana,
       COALESCE(a.jumla, 0) AS jumla_akiba,
       COALESCE(m.idadi, 0) AS mikopo
FROM wanachama w
LEFT JOIN a ON a.mwanachama_id = w.id
LEFT JOIN m ON m.mwanachama_id = w.id;

Ni ndefu zaidi, sikatai. Lakini unaweza kuisoma kwa kituo, na ukitilia shaka safu moja unakata kipande chake na kukikimbiza peke yake. Wanaotumia MySQL wajue WITH ilikuja na toleo la 8.0, mwaka 2018. Kwenye seva za zamani, ambazo bado zipo nyingi kwenye hostingi za bei nafuu, ingiza zile SELECT moja kwa moja ndani ya JOIN kwa mabano. Matokeo ni yaleyale.

COALESCE ipo kwa sababu asiye na amana anapata NULL, na NULL kwenye ripoti huonekana kama kisanduku kitupu. Mkutano mkuu haupendi visanduku vitupu.

Kuna mambo mawili ya LEFT JOIN yanayowakwaza watu hata baada ya kujua haya. Moja ni COUNT(*) dhidi ya COUNT(safu). Nyota inahesabu mistari. Ukitaja safu, inahesabu mistari ambayo safu hiyo si NULL. Baada ya LEFT JOIN, inayobakiza kila mwanachama hata asiye na jozi, mwanachama asiye na mkopo bado ana mstari mmoja, uliojaa NULL upande wa mkopo. COUNT(*) inampa mkopo mmoja ambao hajauchukua, COUNT(m.id) inampa sifuri anayostahili. Ule ubishi wa COUNT(1) kuwa na kasi kuliko COUNT(*) usikupotezee muda. Mwongozo wa MySQL wenyewe unasema InnoDB, injini yake ya kuhifadhi majedwali, inazishughulikia namna moja.

La pili ni sharti linalowekwa mahali pasipo pake. Unataka wanachama wote na idadi ya mikopo yao ambayo bado hai. Unaandika LEFT JOIN vizuri, kisha mwishoni WHERE m.hali = 'hai'. Wanachama wasio na mkopo wana NULL kwenye hali, NULL hailingani na chochote, wanatupwa nje wote. LEFT JOIN yako imekuwa JOIN ya kawaida bila kukuaga. Sharti hilo liingie ndani ya ON, au ndani ya kile kipande kinachohesabu mikopo, au lihesabiwe kwa CASE:

COUNT(CASE WHEN hali = 'hai' THEN 1 END)

Bila ELSE 0, tafadhali. COUNT inahesabu sifuri kama inavyohesabu moja, kwa kuwa sifuri si NULL. Wenye PostgreSQL wana njia safi zaidi, COUNT(*) FILTER (WHERE hali = 'hai'), na nawaonea wivu kila nikirudi kwenye MySQL.

Hata hivyo hakuna kwiri itakayokuamulia nani ni mwanachama hai. Chama kimoja kinasema aliyelipa hisa zote. Kingine kinasema aliyeweka akiba ndani ya miezi mitatu. Mifumo mingi haifuti mtu, inamwekea alama tu kwamba ameondoka au amefariki, na anayehesabu jedwali zima anawahesabu na marehemu. Nilishaona meneja na katibu wakibishana kwa sauti juu ya namba mbili ambazo zote zilikuwa sahihi. Katiba ya chama ndiyo ilikuwa haijafunguliwa.

Nirudi kidogo kwa wale wanaotaka tu kujua majedwali yote yana rekodi ngapi, maana wapo wanaopita njia ya mkato ya information_schema.tables, orodha ambamo hifadhidata hujiwekea taarifa za majedwali yake, safu ya table_rows. Ni haraka sana, na kwa InnoDB ni makadirio. Mwongozo wa MySQL unakiri namba hiyo inaweza kutofautiana na ukweli kwa asilimia 40 hadi 50. PostgreSQL nayo ina reltuples kwenye pg_class, inayosasishwa na VACUUM na ANALYZE, amri za kusafisha na kuchunguza majedwali, na tangu toleo la 14 jedwali ambalo halijawahi kupitiwa linaonyesha -1. Kwa kujua kama diski inakaribia kujaa, namba hizo zinatosha. Usiziandike kwenye ripoti ya chama.

Wazee wa PHP watakuambia zamani COUNT(*) kwenye MySQL ilijibu papo hapo. Ni kweli. MyISAM, iliyokuwa injini ya kawaida kabla ya MySQL 5.5, ilihifadhi idadi kamili ya mistari. InnoDB haiwezi, kwa sababu watu wawili wanaofanya miamala kwa wakati mmoja wanaweza kila mmoja kuona idadi yake, na wote wakawa sahihi. Hili lina maana kwako pia: ukihesabu majedwali matatu kwa amri tatu tofauti saa za kazi, karani wa dirishani anaendelea kupokea fedha katikati, na namba zako ni za nyakati tatu. Amri moja inaona picha moja. Ikilazimu ziwe nyingi, zifunge ndani ya muamala mmoja wa REPEATABLE READ, ili zote zione picha ileile.

MyISAM ilituachia na mzigo mwingine. Ilikuwa inapokea tamko la FOREIGN KEY, sharti kwamba kila rekodi iwe na mwenyewe kwenye jedwali jingine, bila kulalamika na kulipuuza kabisa. Mifumo iliyozaliwa enzi hizo imejaa rekodi yatima: marejesho ya mkopo ambao haupo, amana za mwanachama aliyefutwa. Kwenye ripoti ya mwanachama mmoja mmoja hazionekani, kwa kuwa ripoti inaanzia kwa wanachama. Kwenye COUNT(*) ya jedwali zima zinaonekana. Ndiyo maana kila nikikabidhi ripoti najumlisha safu ya amana ya watu wote na kuilinganisha na idadi ya jedwali la akiba lenyewe. Zikipishana, natafuta hivi:

SELECT COUNT(*), SUM(a.kiasi)
FROM akiba a
LEFT JOIN wanachama w ON w.id = a.mwanachama_id
WHERE w.id IS NULL;

Wapo wanaopenda NOT IN kwa kazi hiihii. Wajihadhari: wakitafuta id zisizomo kwenye orodha, na orodha yenyewe ikawa na NULL hata moja, NOT IN haitarudisha chochote, na mtu atahitimisha kwamba data yake ni safi.

Kwa chama cha yule mwalimu mstaafu, tofauti ilikuwepo. Zilikuwa amana chache tu, za mtu aliyejitoa akafutwa kabisa kwenye jedwali la wanachama wakati fedha yake bado imesimama kwenye vitabu. Mhasibu aliomba mstari wa yatima ubaki chini ya ripoti ya kila mwezi, idadi na kiasi, hata ukisoma sifuri, kwa sababu wakaguzi wakija huanza kuuliza hapo.